Chai ya Nje ya Ukumbi

Kwenye basi la kushuka Leeds mjini, bibi mwenye koti la mvua alimuuliza msichana aliyeketi pembeni yake kama naye anakwenda kusikiliza okestra. Nilikuwa nyuma yao, najifanya nasoma gazeti.

"Naenda, bibi."

"Basi usihangaike kuwahi. Wanaanza na muziki mpya wa hawa watoto wa siku hizi. Sufuria zinaanguka jikoni! Mimi hukaa nje na chai yangu mpaka uishe."

"Wa leo nimetunga mimi."

Mwingine angeomba radhi. Bibi alimkagua kuanzia viatuni. "Wewe? Na sura nzuri hivyo? Kwa nini hutungi kitu cha kuimbika?"

"Utajuaje hauimbiki, na wewe uko nje?"

"Nasikia! Mlango wenyewe mwembamba. Ule wa mwaka jana uliishia na kengele moja, taratibu, mpaka chai ikanipoa mkononi."

"Kumbe uliupenda."

"Nimesema chai ilipoa. Usinilishe maneno."

Msichana akacheka. "Sisi watunzi wachanga, bibi, muziki wetu hupigwa mara moja tu. Ukiukosa leo, hutausikia tena."

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Bibi aliinuka wa kwanza, akamvuta mwenzake mkono.

"Haya, twende, tutachelewa! Chai nitakunywa baadaye. Lakini nakaa karibu na mlango, unanisikia?"