Nusu Saa ya Nyi Sarinten

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo? Jua la Jumatano ndiyo kwanza linachungulia juu ya mashamba ya mpunga hapa Klaten, na mimi Endang Lestantun niko nanyi. Kama kuna mama amemeza kidonge chake cha mifupa sasa hivi, na anataka kujinyoosha kitandani kidogo, mama, usilale. Kaa wima. Unajua nani angekugombeza.

Leo hayupo wa kukugombeza. Nyi Sarinten, mwimbaji wetu, amefariki. Amefariki Jumamosi asubuhi, nyumbani kwake, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka sabini na sita. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Nyi Sarinten amefariki. Nimelia, sifichi. Nimelia hadi fundi wetu wa mitambo akanipa kitambaa chake cha kufutia vumbi.

Nyi alianza kuimba akiwa binti, kwenye michezo ya vikaragosi vya vivuli, amekalia miguu aliyoikunja chini yake, gamelani, zile ala zetu za shaba na ngoma, ikilia nyuma yake. Mpiga ngoma alikuwa mumewe, Mzee Kartana. Mimi nilimsikia mara ya kwanza kwenye harusi ya binamu yangu. Umeme ukakatika, vipaza sauti vikanyamaza, wageni wakaanza kuguna. Nyi hakusita. Aliendelea vilevile, na waliokuwa uani wakiosha sahani walimsikia kila neno. Hiyo ndiyo sauti tunayoizungumzia.

Aliitunza kama yai. Hakula vya kukaanga, hakunywa maji ya barafu, wala hakumeza kidonge kikavu. Alisema kinakwaruza koo. Kwa hiyo alikichomeka ndani ya kipande cha ndizi mbivu, akameza vyote. Msicheke. Nusu yenu mnaonisikiliza mnafanya hivyo hivyo, na mimi mama yangu alinilea hivyo.

Sasa sikilizeni habari ya mifupa. Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye nguo. Kitambaa chake cha batiki cha kujifunga kilikuwa kikifika kwenye vifundo vya miguu. Kikaanza kuburuza. Nyi akalalamika kwamba kimelegea kwa kufuliwa. Binti yake, Rumiyati, akakunja pindo, akalishona, wakacheka, yakaisha. Kumbe kitambaa hakikurefuka. Nyi ndiye aliyekuwa anafupika.

Baadaye akateleza bafuni. Kuanguka kwa kawaida tu, mtoto angeinuka na kuendelea kucheza, lakini yeye mkono ulivunjika. Hospitali wakampima, wakamwambia mifupa yake imedhoofika, imepungua uzito kwa ndani. Daktari akamwandikia kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki. Akamweleza kwa kirefu namna ya kukimeza.

Nyi akaitikia, "Ndiyo, daktari." Rumiyati alikuwepo. Anasema mama yake aliitikia ndiyo kila daktari alipovuta pumzi, kichwa kimeinama, mikono mapajani. Mnatujua tulivyo. Kwetu sisi, kumwambia mkubwa hujaelewa ni sawa na kumwambia hajui kueleza. Basi tunaitikia. Alipofika nyumbani, mumewe akamuuliza ameambiwa nini.

"Nimeambiwa Jumatano," akajibu.

Na kweli, kila Jumatano alimeza. Kidonge ndani ya ndizi, chai ya sukari juu yake, kisha anarudi kitandani. Ndizi, chai, kitanda. Mwaka mzima hivyo. Ikaja Jumatano moja nyumbani hamna ndizi. Akakimeza kwa funda moja la chai, akajilaza. Kidonge kikakwama njiani. Kabla ya adhuhuri kifua kilikuwa kinawaka moto, hata mate hayapiti. Umio lilikuwa limeungua, na sauti yake ikabaki kukwaruza tu. Alikaa miezi bila kuimba.

Hebu fikiria. Mtu ambaye kazi yake ni sauti, jina lake ni sauti, hata ndoa yake aliipatia jukwaani. Akakitupia kidonge juu ya kabati na kuapa kwamba hakigusi tena. Rumiyati alimbembeleza mpaka akachoka. Nyi akamwambia, kwa sauti hiyo hiyo ya kukwaruza, "Bora mgongo upinde kuliko sauti ikatike. Nikiwa kibiongo bado nitaimba. Nikiwa bubu nimesimama wima, nitakuwa nguzo tu."

Mzee Kartana, badala ya kusaidia, akasema nguzo angalau haigombi. Hawa wawili ndivyo walivyoishi, utani asubuhi, utani jioni. Lakini Mzee ameniambia kwamba siku ile alitoka nje akalia peke yake nyuma ya banda la kuku.

Mgongo haukusubiri. Siku moja Nyi aliinama kupakua wali, akasikia maumivu makali yamempasua kiunoni. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea. Kwa kuinama tu, wasikilizaji wapendwa. Kwa wali.

Wakarudi hospitali. Safari hii wakapelekwa kwa mfamasia, Bi Hastuti. Rumiyati akamweleza kwamba mama kasusa dawa. Bi Hastuti hakuanza kuhubiri. Alijua akihubiri ataitikiwa ndiyo. Alimwekea mezani pipi ndogo, ya ukubwa wa kidonge, akasema, "Mama, usiniambie. Nionyeshe. Kwako huwa unamezaje?"

Nyi akaitazama meza, akatazama huku na huku. "Ndizi iko wapi?"

Bi Hastuti akavuta kiti, akakaa karibu naye. Akamweleza taratibu kwamba kidonge hiki hakipatani na chakula. Kikikutana na ndizi, na chai, na maziwa, hata na dawa nyingine, mwili haukipati. Mwaka ule wote dawa ilikuwa inaingia na kutoka, mifupa haikuambulia kitu. Na kile kilichomuunguza hakikuwa uadui wa kidonge na koo. Yalikuwa maji machache, na kulala.

Nyi akalia. "Niliitikia ndiyo," akasema. "Niliitikia tu. Sikusikia hata neno."

Jamani. Kuuliza si ujinga, tunawaimbia watoto kila siku, halafu sisi wenyewe tunaona haya.

Daktari hakumrudishia kidonge palepale. Alingoja umio lipone, akalipima, akamwambia kama litakataa ipo dawa ya sindano. Likakubali. Tangu hapo utaratibu wa Nyi ukawa huu, na nausema polepole. Anaswali kwanza, maana kusujudu muda mfupi baada ya kumeza si vizuri. Tumbo tupu. Kidonge kizima, hakitafunwi. Glasi nzima ya maji matupu. Kisha nusu saa wima, amekaa au amesimama, bila chai, bila kitafunwa. Na kifua kikianza kuuma, anaacha dawa na kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Lakini Nyi Sarinten akae nusu saa kimya? Thubutu! Akaanza kuimba barazani, chinichini, akiijaribu sauti iliyorudi. Mzee akashindwa kuvumilia, akaleta ngoma. Majirani wenye vidonge vyao wakaja na glasi zao. Ndipo na sisi tukapeleka kipaza sauti, na kipindi hiki kikazaliwa.

Mnakumbuka jirani yake, Tukinem, alipomwomba kidonge kimoja kwa ajili ya magoti yake? Nyi alimjibu hewani, nyote mkisikia. "Shoga, sauti nitakugawia. Kidonge hiki kimeandikwa kwa mifupa yangu. Wewe nenda ukapimwe ya kwako, na figo zako pia." Tukinem alinuna, kisha akaenda. Figo zikakutwa na kasoro, na dawa hii isingemfaa kabisa. Leo yuko hai, anatusikiliza. Pole sana, Tukinem.

Jana nilikwenda msibani. Mzee Kartana alikuwa mkekani, amepakata kile kitambaa cha batiki. Akanionyesha pindo. "Lilishonwa kabla hajavunjika mkono," akaniambia. "Likashonwa tena alipoumia mgongo. La tatu halipo. Tangu alipojua kumeza, hakufupika tena." Akalilaza gotini, akawa analipapasa.

Mzee Kartana, Rumiyati, wajukuu, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nawe msikilizaji, jiulize ndiyo yako ya mwisho kwa daktari ilikuwa ya kuelewa au ya adabu. Kama ilikuwa ya adabu, rudi ukaulize. Mficha uchi hazai, na daktari hafi kwa kuulizwa.

Nilitaka kuwapigia kanda ya Nyi. Mzee amekataa. Amekuja mwenyewe hapa studio, na ngoma yake. Atapiga nusu saa, kama kila Jumatano, na pale mkewe alipokuwa akiingia kuimba ataacha nafasi. Anayetaka kuimba aimbe hapo alipo.

Wenye vidonge, maji glasi nzima. Kaeni wima.

Mzee, karibu.