Uzi wa Kijani wa Orysia Hnatiuk

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Orysia Hnatiuk anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya mifupa ya plastiki ya kufundishia madaktari, hapa mjini Moose Jaw.

Aliajiriwa kupaka rangi mbavu. Haikupita wiki akahamishiwa meza ya uti wa mgongo, kwa sababu wapakaji wenzake walichoka kuambiwa kwamba mbavu zao zimepinda kama mishikio ya ndoo. Huko hakutoka tena. Pingili saba za shingo, kumi na mbili za kifua zinazobeba mbavu, tano za kiuno: alizitunga huku akimsengenya dada yake, na mkono wake haukukosea kamwe. Ndivyo alivyotuambia, nasi tukaamini.

Karakana ina desturi yake. Kila mtungaji hufunga fundo la mwisho kwa uzi wa rangi yake, na kazi yenye kosa ikirudi, mwenye rangi huoka pai ya kututosha sote. Mimi nimeoka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Orysia, mwenye uzi wa kijani, hakuwahi. "Wewe, huo ni mgongo wa mtu au shanga za watoto?" aliniuliza mbele ya wageni.

Majira ya baridi yaliyopita mgongo wake mwenyewe ukagoma. Daktari alimwambia kwamba asipopasuliwa huenda asitembee tena, na hata akipasuliwa, hakuna ahadi. Kisha akachukua mfano wa uti wa mgongo uliokuwa mezani amwonyeshe. "Ni hapa, mama. Pingili ya nne ya kiuno."

"Hiyo ni ya tano," Orysia akasema, machozi yakimlengalenga. "Ya nne iko chini yake. Mjinga gani kazibadilisha?"

Daktari akachungulia, akacheka, akamhakikishia kwamba atafuata picha za mgongo wake, si mwanasesere. Orysia hakumsikiliza. Alikwisha kuupindua mfano ule amjue mtungaji. Fundo lilikuwa la kijani.

Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Nikajiambia, sasa lazima nitembee," alinieleza kwenye simu. "Nina pai ya kupeleka kazini."

Akapasuliwa, nasi tukasubiri kwa hofu. Hakuna aliyethubutu kuuliza habari. Mwezi Mei mlango ukafunguka, akaingia polepole kwa miguu yake, mfano ule aliopewa na daktari kwapani, pai ya beri mikononi. "Asinishike mtu!" akatufokea. "Niacheni nifike." Akafika. Tulikula huku tukilia, na pai yenyewe ilikuwa imeungua.

Mfano ule tumeutundika juu ya meza yake, kosa lake likiwa vilevile. Uzi wa kijani hatapewa mtu mwingine.

Asante, Orysia, kwa kazi na kwa matusi. Tunakutakia siku njema, na barabara ndefu za kutembea. Kwenye sherehe ya Ijumaa hatujakuwekea kiti. Tunataka kukuona umesimama.