Mama Rula, Msoma Kina cha Mto

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na wajomba wameona nisome mimi kwa sababu tangu Jumanne sijalia, wakasema sauti yangu haitakatika, kwa hiyo nitasoma kama tulivyoandika jana mezani mimi na mdogo wangu, na pale ambapo hatukuandika nitasema ninavyokumbuka.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Rula, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili iliyosimama juu ya nguzo ukingoni mwa kinamasi, mahali ambapo mtu alitoka nje kwa kushuka ngazi, na wakati wa mvua alitoka kwa kuruka. Babu yetu alikuwa kibarua wa toroli, na kuanzia mwaka 1962 alikuwa miongoni mwa watu waliokata kilima cha upande wa juu na kumwaga udongo wake kwenye kinamasi ili mji upate pa kupanuka, na mama alikuwa akisimulia kwamba udongo ulisogea kidogo kidogo kila wiki, mpaka mwaka 1965 ulipoingia uvunguni mwa nyumba yao, ukafukia nguzo zote, mlango ukawa sawa na ardhi, na bibi akaikatakata ile ngazi akaipikia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971 na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, hakuwa wa kutajwa katika somo lolote isipokuwa hesabu, na tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa na ofisi ya maji kuwa msoma kina cha mto. Kazi yenyewe ilikuwa kushuka vidato thelathini na nane vya saruji hadi kwenye ubao wenye namba kama rula uliosimamishwa majini, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kusoma namba na kuiandika kitabuni, na aliifanya kwa miaka thelathini na sita, wakati wa mimba zetu na wakati wa homa zake, hata watoto wa mtaa wetu wakawa wanasema mto hauwezi kupanda bila kumwomba ruhusa, na ndipo likaja hilo jina la Mama Rula.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi mwashi, tarehe 15 Desemba 1979, na baba akajenga nyumba kwa mikono yake hatua ishirini kutoka kwenye tuta lililokuwa linazuia mto. Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1980, mdogo wangu wa kiume mwaka 1983, na wa tatu alizaliwa mwezi Mei 1986, akafariki mwezi Januari 1987, na asubuhi ya siku ya mazishi yake mama alishuka vile vidato, akasoma, akaandika, akapanda. Kitabu cha mwaka huo nimekiona, mwandiko haukubadilika.

Mto wetu ulinyooshwa kwa mitambo mwaka 1969, wakati mama angali mwanafunzi, ukatolewa kona zake ili usipoteze ardhi ya mji, na mwaka 1997 mama alivirudia vitabu vyote, akaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemtuma kulitafuta, kwamba mvua ni zilezile lakini maji yanapanda kila mwaka, kwa sababu tope ambalo zamani lilitapakaa kwenye kinamasi sasa linatua palepale chini, sakafu ya mto inanyanyuka, na sisi tunanyanyua tuta kuufuata. Alimpelekea mhandisi, mhandisi akakaa na vitabu hivyo miezi minne, na baada ya miaka mingi ya barua ofisi ikakubali kwamba tuta lirudishwe nyuma hatua mia tatu, mto upewe nafasi ya kulala wakati umejaa, na nyumba arobaini na mbili zivunjwe, wenyewe wapewe viwanja huku kilimani.

Mkutano wa wakazi ulifanyika tarehe 9 Agosti 2005 katika ukumbi wa shule, nami nilikuwepo. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisimama akamuuliza, "Na nyumba yako wewe je, Mama Rula?" Mama akajibu, "Imo. Ndiyo namba moja kwenye orodha." Baba alikuwa safu ya mbele, akainuka, akatoka, kwa kuwa na yeye ndiyo kwanza alikuwa analisikia.

Nyumbani alimwambia, "Ungeniambia mimi kwanza." Mama akasema, "Ningekuambia wewe kwanza, nisingepata miguu ya kusimama pale."

Baba alimpa kisogo kwa muda mrefu. Mwezi Machi 2007 mashine zilipokuja aliwaambia madereva waipite nyumba yake, akaibomoa mwenyewe kwa nyundo kwa siku kumi na tisa, akasafisha matofali moja moja, na ndiyo yaliyojenga nyumba tulikotoka na jeneza leo, huku kilimani. Walikula meza moja, wakaulizana habari za chumvi na za bomba, zaidi ya hapo hakuna.

Tarehe 23 Novemba 2011, baada ya siku tano za mvua, mto ulivuka ukingo wake, ukatandaa kwenye uwanja palipokuwa na nyumba zetu, ukasimama shibiri mbili chini ya tuta jipya, na mji wote ukabaki mkavu. Baba alimfuata mama hadi juu ya tuta, akatazama mahali pa nyumba yake, akasema, "Maji yangekuwa darini," akamvulia koti lake.

Ofisi ilipanga kumpa cheti, lakini alasiri ya siku ileile ya mafuriko, upande wa kilima uliokatwa zamani na kina babu, uliokuwa wima kama ukuta, uliporomoka nyuma ya viwanja vya mwisho, ukamfukia mke wa fundi cherehani akiwa anaanua nguo. Mama alikwenda msibani, fundi cherehani akamkuta mlangoni, akamwambia, "Wewe ndiye uliyetuleta huku." Mama alirudi nyumbani, akakaa, akasema, "Mimi nilipima maji, kilima sikukipima." Cheti hakukichukua.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2012, na kuanzia juma lililofuata alipanda juu ya kilima na kamba, nyundo na vigingi, akawa anavipigilia kila upande wa kila ufa wa ardhi na kupima umbali kati yake kila asubuhi. Kwa miaka tisa yeye na akina mama wa huku walichimba mitaro ya kukatisha maji, wakapanda mistari ya nyasi za mizizi mirefu, wakawahamisha watu wa nyumba sita zilizokuwa chini ya ufa mkubwa. Ufa mmoja ulipita uani kwa fundi cherehani, na mwaka 2014 alimfungulia mama geti apigilie vigingi vyake, akalifunga akishatoka, wala salamu haikuwepo, ikawa hivyo kila asubuhi. Baba alimchongea vile vigingi hadi alipofariki tarehe 3 Mei 2017.

Mama alianza kuugua figo mwezi Januari 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Juni 2024, akiwa wodini, aliniuliza kama mvua imenyesha kilimani. Nilimwambia haijanyesha. Ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na sijui kwa nini nilisema vile, labda nilitaka apumzike. Alifariki siku hiyo saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa muuguzi aliyemsuka nywele, tunawashukuru wafanyakazi wa ofisi ya maji waliobeba jeneza kupanda mlima huu bila kupokezana, na akina mama wa mitaro waliopika tangu Jumanne. Tunamshukuru fundi cherehani, aliyekuja jana na tepu yake, akapima jeneza bila kuongea na mtu, akarudi leo asubuhi na kitambaa hiki mnachokiona kimelifunika, na alipokuwa anakinyoosha pembe nilimsikia akisema taratibu, "Habari za asubuhi, Mama Rula."

Mama, mvua ilinyesha, mitaro imepitisha maji yote, kilima kimesimama. Pumzika sasa kwa amani.