Majani Niliyoyashusha Paani

Bwana asifiwe, ninyi wa mbele na ninyi wa mlangoni. Wa mlangoni nawataja kwa sababu mimi ndiye mwenyeji wao. Tangu niolewe hapa Keza benchi langu ni lile la mwisho, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mmezoea kusema Mama Jonas anapenda upepo. Ndugu zangu, sikuwa napenda upepo. Nilikuwa naogopa bati.

Mniruhusu nitembeetembee nikiongea, nikisimama mahali pamoja maneno yanakwama. Na nikitazama juu katikati ya sentensi, mnivumilie, naendelea.

Mimi si mzaliwa wa Ngara. Nimezaliwa kule Kyaka, karibu na mto Kagera, na vita vilipotufikia nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu, ambaye sisi tulimwita Tata, alikuwa na nyumba ya bati, peke yake katika kitongoji chetu. Alijisifu kwa nyumba ile mpaka majirani wakachoka. Kisha ndege za adui zikaanza kuja, na wakubwa wa kijiji wakatangaza kwamba kila mwenye bati alifunike kwa majani ya mgomba, lisimetemete likaonekana kutoka angani. Tata akapanda juu siku nzima akapanga majani mabichi. Nyumba yake ya kujivunia ikafanana na kichaka, naye akawa anaizunguka akisikitika.

Wakati ule hatukuwa tumeokoka. Mama alikuwa anapika rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mnajua ilivyo: ndizi zinaivishwa shimoni, na shimo linatandikwa majani ya mgomba chini, pembeni na juu. Mama akaniambia, "Nenda shambani ukate majani, uje utandike." Shamba lilikuwa mbali kidogo, na mimi nilikuwa mvivu. Ngazi ya Tata ilikuwa bado imeegemea ukutani. Nikapanda, nikashusha majani ya paa upande wa nyuma, mafungu mawili matatu, nikatandika shimo vizuri kabisa. Mama akanisifu kwa kuwahi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mtoni kuteka maji. Ndege ilikuja chini sana, na sauti yake ilifika wakati yenyewe imeshapita. Nilitupa ndoo. Nilipofika nyumbani hakukuwa na nyumba. Mama alikuwa nje kwenye shimo lake la ndizi, akapona. Tata alikuwa kwa jirani, akapona. Mdogo wangu alikuwa ndani na homa yake, amelazwa kitandani.

Sitasimulia tulichokitoa mle. Nitawaambia neno moja tu alilosema Tata. Alikaa chini kwenye majivu, akawa anauliza kila aliyekuja kutupa pole, "Ilikuwa imefunikwa. Waliionaje? Si ilikuwa imefunikwa?" Alikufa mzee, na mpaka anakufa alikuwa anauliza. Mimi nilikuwa na jibu, na sikumpa.

Ndugu zangu, nimelibeba jibu lile hadi nimekuwa bibi. Nilipoposwa huku Ngara, sharti langu lilikuwa moja tu: nyumba ya nyasi. Mume wangu, Mungu ambariki, ni Muhangaza mpole, alidhani nina adabu ya kutotaka makuu. Baadaye akanunua mabati kidogo kidogo, akayapanga kwenye banda la mbuzi. Nikayafunika kwa mikeka. Kila alipotaja kuezeka nilikuwa na sababu: mara nyasi zina ubaridi, mara fundi yule mlevi, mara ngoja mavuno. Watu wakaniita Mama Nyasi. Nilicheka nao, nikazidi kufunika mabati.

Nilipata kukimbia mbele za watu pia. Wakati wakimbizi walipojaa kwenye kambi ya Benaco nilikwenda kule kuuza maharage. Siku moja ikapita ndege, nadhani ya misaada tu. Niliacha maharage, nikaingia migombani. Nikakuta wanawake watatu wakimbizi wamekwisha kulala kifudifudi. Nikalala nao. Ilipopita tukanyanyuka, tukakung'uta vitenge, tukaachana bila hata kuulizana majina. Nilirudi nikakuta maharage yamekanyagwa.

Sasa nije kwenye masika yaliyopita, maana ndipo nilipofika ukingoni. Mume wangu aliugua kifua. Nyasi zilikuwa zimechoka, zinavuja, nikawa nasogeza kitanda chake kutoka kona hii hadi ile na mvua inatufuata. Anakohoa, ananiambia, "Mama Jonas, unataka kunizika kwa ajili ya nyasi?" Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea.

Jonas, mwanangu mkubwa, akaacha kuniuliza. Alileta fundi, wakamhamishia baba yake jikoni, wakaezua, na kufikia mchana walikuwa wamepigilia mabati upande mmoja. Jua likatoka. Lile bati likawaka. Sijui niwaambieje. Najua nilikata majani ya mgomba, najua nilipanda ngazi, mimi bibi mwenye magoti mabovu, nikaanza kuyatandaza juu ya bati huku nalia. Wengine wenu mlikuwepo barabarani na pikipiki zenu, mkasimama kutazama. Jonas akanishika kiuno akasema polepole, "Mama, shuka. Watu wanaangalia." Mabati yakashushwa. Nyasi zikarudi, na kikohozi kikaendelea.

Mliniombea, nawashukuru. Mlikemea pepo wa bati kwa sauti kubwa. Hakutoka, kwa sababu hakuwa pepo. Alikuwa mtoto wa miaka tisa aliyekaa kimya.

Ndipo mchungaji akanipeleka kwenye semina ya kanisa kule Biharamulo. Siku ya pili akasimama mzee mmoja, Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake. Akasema kwamba ujanani alikuwa mwanajeshi wetu wa kikosi cha anga, na wakati wa vita vile kazi yake ilikuwa kufunga mabomu kwenye ndege. Nilitaka mlango, lakini siku hiyo walikuwa wamenikalisha katikati.

Wakati wa chakula nilimfuata. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

Sikukaa. Nikamuuliza nilichokuwa sijawahi kumuuliza mtu. "Rubani akiwa kule juu, analiona bati?"

Akaweka sahani chini. "Kwa nini unauliza, mama?"

Nikamwambia yote. Majani, ngazi, shimo la ndizi, mdogo wangu. Nilidhani atanifariji kwamba haonekani kitu kutoka juu. Ndugu zangu, hakunidanganya. Alisema, "Pengine aliliona. Pengine hakuliona. Marubani wetu wakirudi nilikuwa nawauliza, umepiga nini? Mmoja aliniambia, sijui, waliturushia risasi, nikaachia, nikageuka. Hata yeye hakujua. Lakini sikiliza, mama. Bomu lina mikono yake. Kuna aliyelitengeneza, kuna aliyelifunga, kuna aliyeliachia. Ya kwangu niliyafunga kwa mikono hii, yakaenda kuanguka kwa watu ng'ambo ambao siwajui, na huko nako kulikuwa na watoto wenye homa. Mikono yangu imo. Ya kwako haimo. Wewe ulibeba majani."

Kisha mzee yule, mvi tupu, akaanza kulia. Akaniomba msamaha. Akasema wale wa ng'ambo hatawaona tena duniani, basi mimi nimpokee kwa niaba yao. Mimi niliyekuja kutafuta msamaha, ndiye naombwa! Nikamshika mikono ile. Nikasema, "Kwa jina la Yesu, nimekusamehe," na neno lilipotoka kinywani nikasikia limenipata na mimi.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu na Jonas. Mume wangu akasema, "Na mimi nilidhani unapenda ubaridi." Tukacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Siku ya kuezeka Mzee Masanja alikuja kwa pikipiki kutoka Biharamulo. Jonas akamkataza kupanda ngazi. Akasema, "Kijana, mikono hii ilifunga mabomu. Niachie ipigilie hata bati moja." Akapigilia moja, limepinda kidogo, na sitaki linyooshwe.

Msidhani nimekuwa jiwe. Mvua ya kwanza ilipopiga lile bati nilishika mlango. Ndege ikipita bado moyo unakwenda mbio, kama ulivyokwenda sasa hivi ilipopita ile pikipiki. Lakini siku ile ya mvua sikutoka. Nilikaa ndani mpaka mvua ikakatika, na kitanda cha mume wangu kikavu.

Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi. Na wewe uliyekaa mlangoni leo, sikuulizi umebeba nini. Nakwambia tu kwamba Yesu nilimkuta pale ulipo ukweli wangu, wala hakuniaibisha. Njoo, mbele huku pana nafasi.

Tata hayupo nimpe jibu lake. Nalitoa hapa, mbele zenu, chini ya bati. Mimi ndiye niliyeyashusha majani, Tata. Na mdogo wangu aliitwa Deo. Alikuwa na miaka minne. Tangu siku ile sijawahi kulitaja jina lake kwa sauti. Deo.