Maji ya Misumari

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

MDOGO WAKE: Mimi mdogo wako, niko maabara. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba! Simu inakwaruza... Hivi, jirani si aliniuliza, "Mbona kwako kuna maji ya rangi ya chai na moto sijaona ukiwashwa?" Nikacheka mpaka—

MDOGO WAKE: Dada, ngoja. Picha za tumbo la mwanao zimerudi.

DADA: Enhe! Kansa imeanza kunywea, sivyo?

MDOGO WAKE: Yuko wapi?

DADA: Chumbani, kalala. Nimeweka sauti kubwa, masikio yangu yamestaafu kabla yangu. Sema tu.

MDOGO WAKE: Ipunguze kwanza—

DADA: Sijui panapobonyezwa. Sema!

MDOGO WAKE: Uvimbe wa ovari umekua. Na damu yake imejaa chuma, daktari haelewi kimetoka wapi. Unampa nini huko?

DADA: ...Si ulisema mwenyewe? Seli za kansa zinakufa kwa chuma. Zinaota kutu kwa ndani, ukasema.

MDOGO WAKE: Nilikuwa nakusimulia kazi yetu! Dada, hayo maji ya rangi ya chai—

DADA: Misumari ya marehemu mume wangu. Nailoweka kwa ndimu, nachuja. Namwambia ni dawa ya majani.

MDOGO WAKE: Mungu wangu!

DADA: Na ndiye niliyemwomba kila nikichuja.

MDOGO WAKE: Sikia. Hizo seli zina uroho wa chuma, ndicho kinachozikuza. Zimejiwekea kinga ili kisizidhuru. Sisi tunatafuta dawa ya kuivunja hiyo kinga, ndipo chuma kiziue. Dawa bado haijapatikana, dada. Kinga ipo palepale, na wewe una...

DADA: Malizia.

MDOGO WAKE: Huenda unazilisha.

DADA: Mimi? [simu inakwaruza]

MDOGO WAKE: Haloo? Unakatika— usimpe tena! Mlete leo hii—

DADA: Shh. Kitanda kimelia.

MDOGO WAKE: Amesikia?

DADA: Kasimama mlangoni. Na kikombe cha asubuhi, hakukimaliza... Mwanangu, njoo ukae. Mama yako mdogo huyu hapa kwenye simu.

MDOGO WAKE: Mpe niongee naye!

DADA: Anachungulia kikombe... Kakiweka mezani, mbele yangu. Mwanangu, unaenda wapi? Vaa viatu basi. Mwanangu!

MDOGO WAKE: Anasemaje? Dada! Anasemaje?

DADA: Hajasema. Katoka.