Skrini Iliyopinduliwa Mara Mbili

Katika boti ya asubuhi ya kutoka Muhamma, Sosamma alikaa na fenesi lake mapajani, kulia kwake fundi wa kompyuta, kushoto mchapishaji wa kadi za harusi. Wanaume hao hawakujuana, ila kwa kulalamika walikuwa pacha.

"Wateja wana wazimu, kaka," alisema Bijesh, yule fundi. "Juzi mmoja kanipigia karibu alie. Kasasisha Linux, ile programu inayoendesha kompyuta yake, picha yote kwenye skrini imekuwa kichwa chini. Jana nikaingia kwenye kompyuta yake kwa mtandao, bila kufika kwake, nikabadilisha neno moja kwenye mipangilio, kwisha. Hata asante sijapata!"

"Afadhali wewe, mdogo wangu," alisema Varkey, yule wa kadi. "Yangu ilipinduka hivyo hivyo. Nikampigia fundi, akaniambia nisubiri. Nani asubiri? Nikaigeuza skrini yenyewe, nikaikaza ukutani kwa skrubu za mlango. Ikawa safi! Leo nawasha, kila kitu kichwa chini tena. Fundi huyo kaniharibia, na bibi harusi anataka kadi zake!"

"Fundi gani huyo? Hana haya!"

"Sura yake siijui. Namba ninayo."

Sosamma akamtazama huyu, akamtazama yule. Watu wazima, tena wamevaa viatu.

Boti ikagusa gati.

"Usishuke kwanza," alisema Varkey akitoa simu. "Sikia ninavyompasha."

Sosamma akalikumbatia fenesi lake, akahamia benchi la nyuma.