Kiguu na Njia, Aliyetafuta Gesi ya Galaksi

Dada yetu mpendwa, ambaye nyumbani na kazini alijulikana kama Kiguu na Njia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mpiga picha za eksirei hospitalini na mshona nguo. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba alitambaa kuelekea mlangoni kabla hajajua kukaa vizuri.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Akiwa darasa la tatu alianguka kutoka ukutani akavunjika mkono, na baba mwenyewe akampiga picha ya eksirei. Picha ya kwanza ikatoka na ukungu, ya pili vivyo hivyo.

"Mwanangu, tulia!"

"Mimi nimetulia, baba. Mkono ndio haujatulia."

Siku hiyohiyo aliuliza kama nyota nazo hupigwa eksirei. Baba alimjibu kwamba hajui, na jibu hilo halikumkalia sawa kamwe. Alihitimu fizikia mwaka 1991, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1997.

Kazi yake, kwa sisi tusio wataalamu, ilikuwa hivi. Galaksi nyingi huishi kwa makundi, na baina yao kuna gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo haionekani kwa macho, hutoa eksirei. Hewa yetu huzizuia eksirei hizo zisifike ardhini, kwa hiyo hupokewa na darubini zilizorushwa angani. Hesabu zilionyesha kwamba katika makundi madogo gesi ni pungufu. Imekwenda wapi? Swali hilo lilimnyima raha maisha yake yote ya kazi.

Alifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1999 na fundi wa lifti. Walikutana lifti ya taasisi alikofanya kazi dada ilipokwama naye akiwa ndani, akigonga mlango na kutoa maelekezo.

"Dada, ukiendelea kunifundisha kazi utalala humo," fundi alimwambia kutoka nje.

Akanyamaza. Shemeji yetu anasema ukimya ule hakuusikia tena. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 2012, baada ya maombi mengi kukataliwa, alipewa muda wa kutumia darubini. Wiki hiyohiyo ukatokea mlipuko kwenye uso wa jua, chembe zake zikaharibu sehemu kubwa ya picha. Mkuu wake alimsihi aandike makala kwa picha hizo hivyohivyo, maana uprofesa ulikuwa mlangoni.

"Niandike nini? Kwamba nimeliona jua?"

Cheo kikaenda kwa mwingine. Hakujifanya hakuumia; alizunguka uani hadi nyasi zikakatika. Kisha akaomba upya, akakataliwa, akaomba tena.

Mwaka 2019 figo zake zilishindwa kufanya kazi. Kukaa kitini akisafishwa damu kwa mashine kulimtesa kuliko sindano, na wauguzi waligombana naye kila wiki. "Mama, mirija haina miguu," mmoja alimwambia.

Oktoba 2022 picha mpya zilifika akiwa kwenye mashine hiyo. Binti yake akamfungulia kompyuta. Safari hii jua halikuleta fujo. Gesi ilikuwepo, hafifu, mbali nje ya kundi, ikiwa imesukumwa na nishati inayolipuka kandokando ya shimo jeusi la galaksi ya katikati.

"Kumbe ilipotelea huku, mama?"

"Haikupotea. Ilifukuzwa."

Alicheka, akalia, kisha akaanza kuhangaika upya: "Tafuta kundi lingine. Moja halitoshi."

Makala yake ilikubaliwa Mei 2023, pamoja na ombi la kutazama kundi la pili. Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Juni hospitalini, mumewe akiwa amemshika mkono, na viatu vyake vya kutembelea vikiwa chini ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, mimi mdogo wake ninayesoma haya, na wanafunzi wake, ambao Septemba watalitazama kundi hilo bila yeye.

Tunamwombea apumzike kwa amani, ingawa sisi tuliomfahamu tunajua atauliza kwanza: kwa muda gani?